Inueni Mawe: Kuandika na Kuchora Ramani ya Viumbe wa Mto Wenu



Miaka michache iliyopita niliandamana na wanakikundi wanne kwenda ofisi moja kupeleka malalamiko. Mto wetu ulikuwa umekufa. Ndivyo tulivyosema, umekufa kabisa. Zamani mtoto akitumwa maji alirudi na kaa mkononi wa kumtisha dada yake. Sasa ungeinua mawe tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi na usione kaa hata mmoja. Afisa alitukaribisha vizuri, akachukua kalamu, akauliza mambo matatu tu. Ni mahali gani hasa? Ilianza lini? Na kabla ya hapo kulikuwa na nini?

Hapo ndipo tulipoanza kuangaliana. Mzee mmoja alisema ni pale kwenye jiwe kubwa. Mawe makubwa katika mto wetu ni mengi. Mama mmoja alisema ilianza baada ya kuvuna mahindi, mwenzake akasema hapana, ni kabla, wakati watu wanapiga viazi dawa. Na la tatu, kila mtu alikumbuka kaa, lakini wangapi, wapi, mwaka gani? Kalamu ya afisa ilibaki hewani. Tulishukuru, tukatoka, nauli imekwisha na karatasi iko tupu.

Makala haya yanaeleza kazi ambayo ingetuwezesha kujibu maswali yale matatu. Ni kazi ya kuinua mawe mtoni, kuangalia ni nani anaishi chini yake, kuandika, na kuweka yote kwenye ramani. Haihitaji pesa nyingi. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na mara nyingi anaiweza kuliko sisi, kwa sababu macho yake ni mazuri na haogopi kulowa.

Kazi hii si ngeni duniani. Huko pwani, bahari ikipwa, maji hubaki katika vidimbwi vya miambani, na ndani yake kuna sifongo wamegandamana na jiwe, wekundu, wa manjano, wa kijani. Sifongo ni mnyama, ingawa ukimtazama utafikiri ni ukungu au ni kipande cha godoro. Katika nchi kama Uingereza watu wa kawaida, walimu, wastaafu na watoto, hushuka ufukweni na fomu zao, wakaandika sifongo gani yuko kidimbwi gani na tarehe gani. Uzuri wa sifongo ni kwamba hahami. Ukimkuta leo pale, na mwaka ujao hayupo, jambo limetokea pale pale. Sisi wa Bomet hatuna bahari, lakini mito yetu imejaa mawe, na chini ya mawe hayo kuna wakaaji ambao nao hawana pa kukimbilia.

KWA NINI TUWAULIZE WADUDU

Mkipeleka chupa ya maji maabara mtaambiwa jinsi maji yalivyokuwa saa ile mlipojaza chupa. Mtu akisuuza pampu yake ya dawa mtoni siku ya Jumatatu, nanyi mkachota siku ya Alhamisi, sumu imeshapita, iko njiani kuelekea Ziwa Viktoria. Lakini mdudu wa chini ya jiwe alikuwepo Jumatatu. Wengine wa wadudu hawa hukaa majini miezi mingi kabla ya kuota mabawa na kuruka. Kama dawa ilipita, walikufa, na nafasi yao itabaki wazi kwa muda. Ni kama askari wa usiku: hata kama wewe ulilala, yeye aliona.

Mfano mzuri wa faida ya kuangalia kwa makini uko hapa hapa Kenya. Wakati wa ukoloni watu wa bonde la Kodera, Nyanza, walikuwa wakipofuka kwa ugonjwa unaoletwa na usubi, wale nzi wadogo weusi wanaouma kando ya mto. Katika kuwamaliza ilisaidia kujua watoto wa usubi huyo wanakulia wapi. Wataalamu walitafuta kwenye mawe na majani ya majini, kama inavyofanywa kwa usubi wa aina nyingine, wasipate kitu. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitoa habari kwamba watoto wale walikuwa wamepanda juu ya miili ya kaa! Wataalamu walikuwa wakiwaona kaa kila siku bila kuwageuza. Baada ya hapo kazi ilijulikana ni wapi ifanyike, na katika miaka ya 1950 usubi wa aina ile alimalizwa Kenya. Dawa iliyotumiwa ilikuwa DDT, iliyomiminwa mtoni, jambo ambalo leo tungelipigia kelele. Lakini ninachotaka mkumbuke ni yule kaa aliyegeuzwa.

MTO WETU UNATOKA WAPI NA UNAENDA WAPI

Wengi wetu tunaujua mto kipande kile tunachochota tu. Nyangores hutoka katika msitu wa Mau, hushuka kupitia Silibwet na maporomoko ya Tenwek, ambapo maji yake huzungusha mashine za umeme wa hospitali, halafu hupita mjini Bomet. Amala nao hutoka Mau, hupita upande wa Mulot. Mito hii miwili ikikutana ndipo jina la Mara linapoanza. Mara ni mto wa kilomita 395 hivi. Hupita Maasai Mara na Serengeti, huingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, Tanzania. Kwa hiyo udongo wa shamba lako uliobebwa na mvua ya Aprili una safari ndefu, tena unavuka mpaka bila pasipoti. Walio upande wa Sotik, mto wenu Kipsonoi huenda Sondu, nao pia hufika ziwani.

Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 katika hifadhi ya misitu ya Mau ili zigawiwe watu. Habari hiyo ina machungu kwa pande nyingi, kwa waliopewa na kwa waliohamishwa baadaye, na siyo nia yangu kuifungua hapa. Ninaitaja kwa sababu viumbe wa mtoni huonyesha tofauti ya msitu na shamba waziwazi. Mtafiti Frank Masese wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wenzake walichunguza vijito vya juu vya Mara, na mwaka 2014 walichapisha matokeo. Vijito vya msituni vilikuwa na aina nyingi zaidi za viumbe wanaotafuna majani yaliyoanguka majini, kuliko vile vilivyopita mashambani. Kaa ni mmoja wa watafunaji wakubwa. Kwa hiyo yule mzee wetu aliyelilia kaa hakuwa anaongea upuzi. Alikosa karatasi tu.

VIFAA NA NAMNA YA KUFANYA

Tafuteni besheni nyeupe, au kopo kubwa la aiskrimu, maana mdudu mweusi haonekani kwenye besheni nyeusi. Tengenezeni neti ndogo: pindeni waya mgumu uwe duara la upana wa sentimita 30 hivi, shoneni kitambaa cha pazia chenye matundu madogo, fungeni kwenye mpini wa fimbo. Tafadhali msitumie chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa ile iliwekwa kuua wadudu, na itawaua hata hawa, halafu mtaandika kwamba mto ni mbaya kumbe neti ndiyo mbaya. Ongezeni kijiko cha plastiki, biro na daftari. Kioo cha kukuza kikipatikana ni vizuri, kisipopatikana kazi inaendelea.

Ingieni mtoni pale maji yanapokimbia juu ya mawe na hayapiti magoti. Shikeni neti upande wa chini, maji yaingie ndani yake. Mwingine asimame upande wa juu, asugue mawe kwa mikono na kuyagusagusa kwa mguu, wadudu wang'oke waingie netini. Fanyeni hivyo dakika tano, mkisogea: penye mawe, penye majani kando, penye mchanga. Dakika tano kweli kwa saa, siyo tano za kukisia, kwa sababu mkifanya tano leo na ishirini mwaka ujao hakuna ulinganifu. Kisha mwageni vyote kwenye besheni yenye maji safi kidogo, mtulie. Mwanzoni mtaona takataka tu. Baada ya dakika moja takataka zitaanza kutembea.

Msiende mto ukiwa umejaa, kwanza kwa ajili ya uhai wenu, na pia kwa sababu mafuriko huwabeba wadudu, hamtapata picha ya kweli. Ngojeni wiki mbili hivi baada ya maji kushuka. Kwa kawaida mara mbili kwa mwaka yatosha, mara moja katika kiangazi cha Januari na Februari, na mara nyingine masika yakishapungua. Mtoto asiingie bila mtu mzima. Mwenye kidonda mguuni abaki na daftari. Mkimaliza, rudisheni viumbe wote majini wakiwa hai, hata ruba.

MTAKAOWAKUTA

Wadudu hawa wengi hawana majina ya Kiswahili yanayojulikana na watu. Wazee wana majina ya Kikipsigis kwa baadhi yao, basi andikeni jina hilo kwanza, halafu sura ya mdudu pembeni. Jina la nyumbani halipotei.

Wa kwanza ni mdudu wa mikia miwili. Ana miguu sita yenye kucha, mwili bapa, anatambaa kwa nguvu, na chini ya kwapa zake kuna vinyuzi kama manyoya, ndiyo mapafu yake ya majini. Huyu hapendi mchezo. Anataka maji baridi, yanayokimbia, yasiyo na tope. Akiwepo, furahini. Lakini katika Afrika Mashariki aina zake ni chache, kwa hiyo akikosekana siku moja msiseme mto umeharibika.

Wa pili ni mdudu wa mikia mitatu, na manyoya yake yako ubavuni mwa tumbo, yanapepea. Yuko wa namna mbili. Kuna mdogo mwembamba anayeogelea kwa kurukaruka kama kisamaki, huyo ni mvumilivu kidogo. Na kuna wengine wote wa mikia mitatu, wakiwemo wale bapa wanaong'ang'ania jiwe kama stempu kwenye barua. Hao wanataka maji mazuri. Angalizo: mkia ukikatika netini, wa mitatu anaonekana wa miwili. Tazameni manyoya yako wapi.

Halafu kuna mjenga-nyumba. Ni kiwavi mlaini anayejijengea kijumba cha mchanga au vijiti na kutembea nacho. Mara ya kwanza mtamtupa mkidhani ni kijiti. Ngojeni atoe kichwa. Ndugu zake wengine hawana nyumba, hufuma kijineti kati ya mawe wakanasa chakula.

Watoto wa kereng'ende mtawaona pia, wa namna mbili, mnene mfupi, na mwembamba mwenye vitu vitatu kama majani mwishoni mwa mwili. Kaa mnamjua. Konokono mnamjua. Mende wa majini na wale wanaoteleza juu ya maji ni kundi moja. Ruba ananyonya pande zote mbili za mwili kwenye jiwe, anatembea kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Kuna mnyoo bapa anayeteleza kama tone la mafuta, na kuna minyoo ya kawaida jamaa ya nyungunyungu.

Mwisho kuna watoto wa nzi, mbu na usubi. Kati yao yuko kijidudu chekundu kama uzi wa damu, anayejikunja na kujikunjua. Wekundu wake unatokana na kitu kile kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, nacho humsaidia kushika hewa kidogo iliyopo. Ndiyo maana anaishi pale ambapo wengine wanakosa pumzi, penye samadi na maji machafu. Akiwa mmoja si neno. Besheni ikijaa yeye peke yake, kuna jambo.

Na sifongo je? Wapo hata wa maji baridi, wanapatikana katika Ziwa Viktoria na katika mito na maziwa mengi ya Afrika. Mkiinua jiwe au gogo mkakuta utando mnene, wa kijani penye mwanga au wa kahawia penye kivuli, wenye vitundu vidogo, ambao hautelezi kama ukungu bali unakwaruza kidole kama msasa, huenda ndiye. Ukali ule ni vijisindano vidogo mno vilivyo kama kioo, kwa hiyo msijisugue macho. Kazi yake ni kuchuja maji mchana na usiku. Hana alama katika hesabu nitakayowapa, lakini muandikeni, mpimeni upana wake kwa rula, mchore mahali jiwe lake lilipo, mlirudishe lilivyokuwa. Kwa kuwa haendi popote, mwaka ujao mnaweza kumtembelea yeye yule.

HESABU YA ALAMA

Wenzetu wa Afrika Kusini walitengeneza njia ya alama kwa ajili ya wanavijiji na wanafunzi, inaitwa miniSASS. Watanzania nao wana mfumo wao wa kupima mito kwa wadudu, unaofanana na huu ila ni wa kitaalamu zaidi. Alama za miniSASS ni hizi, zinakilini ndani ya jalada la daftari: mdudu wa mikia miwili 17, wa mikia mitatu wasio wale waogeleaji 11, wajenga-nyumba na ndugu zao 9, kaa au uduvi 6, mtoto wa kereng'ende mnene 6, muogeleaji mdogo wa mikia mitatu 5, mende na watelezaji wa majini 5, mtoto mwembamba wa kereng'ende 4, konokono 4, mnyoo bapa 3, minyoo ya kawaida 2, ruba 2, watoto wa nzi, mbu na usubi 2.

Kila kundi huhesabiwa mara moja, hata kama mmepata kaa kumi. Jumlisheni alama, gawanyeni kwa idadi ya makundi. Tuseme karibu na msitu mmepata mikia miwili, mikia mitatu ya namna zote mbili, mjenga-nyumba, kaa, kereng'ende mnene na watoto wa nzi. Ni 17, 11, 5, 9, 6, 6 na 2, jumla 56. Makundi ni saba. Alama ya hapo ni 8. Tuseme tena chini ya mahali pa kufulia mmepata minyoo, ruba, konokono, watoto wa nzi, muogeleaji mdogo na mende. Jumla ni 20, makundi sita, alama ni 3.3. Kwa mto wa mawe, alama inayopita 7 ni ya kutia moyo, na inayoshuka chini ya 5 inauliza maswali.

Lakini njia hii ilipimwa kusini, na mito yetu ina tabia zake. Mimi ningewashauri msishindane na mto wa watu wengine. Linganisheni mto wenu na mto wenu: juu na chini, mwaka jana na mwaka huu. Alama ikitoka 7 ikawa 4 mahali pale pale, mwezi ule ule, hiyo ni habari, hata profesa atainamisha kichwa.

Tena msitazame hesabu peke yake, tazameni ni nani hasa hayupo. Wadudu wa mikia miwili na wa mikia mitatu wakipungua, na nafasi kati ya mawe zimejaa tope, tafuteni udongo unatoka wapi, pengine ni barabara mpya au shamba lililolimwa mpaka ukingoni. Wakijaa wale wekundu, tafuteni samadi, choo au maji ya machinjio. Na mkikuta konokono na minyoo wako salama, lakini wote wenye miguu wamekwisha, kaa pamoja nao, fikirieni dawa ya wadudu: ya dip ya ng'ombe, au ya viazi na kabichi. Dawa nyingi za jamii hiyo huua wenye miguu kwa kiasi kidogo sana, huku konokono akiendelea na safari yake.

RAMANI

Hapa ndipo vikundi vingi huchoka, na hapa ndipo penye nguvu yote. Orodha bila mahali ni hadithi.

Anzeni na karatasi kubwa, hata upande wa nyuma wa kalenda ya zamani. Kaeni pamoja, wazee na vijana, mchore mto kutoka juu mpaka chini katika eneo lenu. Wekeni chemchemi, vijito, madaraja, vivuko vya ng'ombe, mahali pa kuchota, pa kufulia, pa kunywesha mifugo. Wekeni dip, kitalu cha chai, machimbo ya mawe, tanuri za matofali, na blugamu zilizopandwa ukingoni. Akina mama waongoze sehemu ya kuchota maji, maana wanaume tunachora madaraja mazuri na kusahau chemchemi. Msiwe na haraka. Ubishi wa ‘hapana, kijito hicho kinaingia chini ya daraja’ ndio unaosahihisha ramani. Ramani za kununua za Survey of Kenya, zile ambazo sentimita moja ni mita 500, husaidia kusawazisha umbo, lakini majina ya vivuko vyenu hamtayakuta yote humo.

Sasa chagueni vituo. Vitatu vizuri vinatosha kuliko kumi mtakavyovitelekeza. Kimoja kiwe juu ya mashamba na nyumba, hicho ndicho kipimo chenu cha mto ulivyopaswa kuwa. Kingine kiwe juu kidogo ya mahali mnapopashuku, na kingine chini yake. Bila kile cha juu yake hamwezi kusema uharibifu umetoka pale, maana huenda ulikuja na mto. Kila kituo kipeni namba na jina ambalo kila mtu analijua, na muandike maelezo ambayo mgeni angefika nayo: ‘hatua 40 juu ya daraja la miguu, upande wa kulia ukitazama mto unakoenda, penye mkuyu.’ Piga picha ukisimama mahali pale pale kila mara.

Mwenye simu ya kisasa atasoma namba za mahali. Mji wa Bomet, kwa mfano, uko karibu na 0.78 kusini na 35.34 mashariki. Namba mbili baada ya nukta hazitoshi, kwa sababu kosa laweza kufika karibu kilomita moja. Andikeni nne, na mtakuwa ndani ya mita kumi na moja hivi. Simameni pale dakika moja au mbili kabla ya kusoma, hasa bondeni penye miti.

Paka rangi kituo kwa alama yake: samawati ni mto mzima, kijani ni mzuri, rangi ya chungwa ni wastani, nyekundu ni mbaya, zambarau ni mbaya sana. Kila msimu ramani mpya, ya zamani msiifute. Mkizibandika ukutani kwa mfululizo, hata asiyejua kusoma ataona nyekundu inapanda au inashuka.

YASIYOSEMWA NA WADUDU

Kwanza, alama nzuri haimaanishi maji ya kunywa. Vijidudu vya homa ya matumbo na kuhara havimdhuru mdudu wa mikia miwili hata kidogo. Anaweza kucheza ndani ya maji yatakayomlaza mtoto wako hospitalini. Maji ya mtoni yachemsheni, au yatieni dawa, hata kama kituo chenu ni samawati.

Pili, alama mbaya haitaji jina la mtu. Huko chini katika Mara, watafiti walionyesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko, ambao ni zaidi ya 4,000, hukusanyika madimbwini, na mvua ikikisukuma mtoni hewa ya majini huisha na samaki wakafa kwa wingi. Mtu angewalaumu wakulima wa juu bure. Kwa hiyo fomu yenu iseme tulichokuta, wapi, lini, saa ngapi, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, nani walikuwepo. Jina la jirani lisiandikwe humo. Nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa kwa hasira pembeni ya fomu.

MKIISHA KUANDIKA

Tengenezeni nakala tatu. Moja ibaki na katibu, moja shuleni, na moja ipelekwe kwa Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji cha eneo lenu, kile tunachokiita WRUA. Vyama hivi viliwekwa na sheria ya maji ya mwaka 2002 na vimeendelea katika ile ya 2016, na ndivyo vinavyofanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mambo ya sumu na takataka yana NEMA pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, lakini haki inapenda kuletewa tarehe. Tena kila Septemba 15 ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania pamoja tangu 2012. Ramani yenu ikiwa tayari ibebeni huko, mkutane na wale wanaokunywa maji tuliyokwisha kuyatumia.

Kikundi chetu kilianza na vituo vitatu. Mwaka wa kwanza tulikosea mengi, tukaandika muogeleaji mdogo kama mikia miwili, na ukurasa mmoja uliloa ukasomeka nusu. Ukurasa ule tumeuacha ndani ya daftari ulivyo, na alama ya kuuliza juu yake. Tangu hapo tunaandika kwa biro, na daftari linakaa ndani ya mfuko wa unga wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Kituo cha juu kina kaa. Kituo cha pili, chini ya kivuko, tumepata mmoja, mdogo kama kifungo cha shati, tukamwandika.